Kitambulisho cha Mchumaji Kisilale Sandukuni Mwetu

Ndugu Wanachama,

Msimu ukikaribia mazungumzo yetu barazani huwa ni yale yale: mikarafuu imezaa au haikuzaa, bei itakuwa ngapi, majamvi yatapatikana wapi, na wachumaji watatoka wapi. Leo nataka kusema juu ya hilo la mwisho, lakini si kwa njia tuliyoizoea, ya kulalamika kuwa wachumaji ni wachache na wanataka ghali. Nataka kuuliza kama wote wanaopanda mikarafuu yetu wanapanda kwa khiari yao, na kama anayetaka kushuka na kwenda zake huachiwa kwenda.

Najua wako watakaonuna. Watasema, huyu naye ameshasikiliza maneno ya watu wa Ulaya, sasa anatuita sisi wenye watumwa. Nawaomba wavumilie kidogo, kwani nitaanza na kosa langu mwenyewe kabla sijagusa la mtu mwingine.

Mwaka mmoja wa mavuno makubwa, si zamani sana, nalipata wachumaji wanne kutoka upande wa pili wa kisiwa, kule kwenye mawe ambako mikarafuu haioti. Mmoja wao alikuwa kijana mwembamba, hodari wa kupanda, mtu wa maneno machache. Alikuja na shida yake. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye akaniomba shilingi 80,000 kabla hajachuma hata pishi moja. Nikampa. Kisha nikamwuliza, "Na mimi niweke nini mkononi?" Akanipa kitambulisho chake cha Mzanzibari. Nikakitia sandukuni pamoja na hati za shamba, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni.

Sikuona ubaya wowote. Ndiyo desturi, na baba yangu angefanya vivyo hivyo kama zama zake vitambulisho vilikuwako. Kijana akachuma. Kila jioni tukipima, nikikata nusu ya ujira wake kwa ajili ya deni, na chakula anachokula kwangu nikikikata pia. Siku ya nane ikanyesha mvua, na ya tisa, na ya kumi. Kuchuma hapana, lakini kula mtu hula. Deni lililokuwa limeanza kupungua likapanda tena. Wiki ya tatu akanijia asubuhi mapema, akasema, "Mzee, nataka kwenda kwetu, mama amezidiwa." Nikamwambia amalize kwanza haki yangu. Hakunijibu neno. Usiku ule akaondoka kwa miguu, kitambulisho akakiacha.

Msimu ulipokwisha nalikipeleka mwenyewe kwao. Kumbe dada yake aliyeko Unguja alimtumia pesa za dawa kwa simu, na wakala alipotaka kitambulisho, kijana hana. Pesa zikakaa simuni siku nyingi na mgonjwa yumo ndani. Mama, alhamdulillahi, nalimkuta hai. Akaniwekea kiti, akaniletea maji. Yule kijana akakipokea kitambulisho chake kwa mikono miwili, akaniambia, "Ahsante, Mzee." Wenzangu, angenitukana ningelala. Ile ahsante ndiyo iliyoninyima usingizi.

Baadaye nikataka kujua kile nilichokifanya kinaitwaje. Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unasema kazi ya lazima ni kazi yoyote anayotozwa mtu kwa kutishwa adhabu, naye hakujitolea kwa khiari yake. Hapakuandikwa kuwa lazima pawe na pingu wala mjeledi. Shirika hilo limeweka alama 11 za kuitambulia kazi ya namna hiyo, na nilipozisoma nalizihesabu kwa vidole. Kuzuia hati za mtu, ninayo. Deni lisilolipika, ninalo. Kuzuia ujira, nusu ninayo. Kutumia udhaifu wa mwenye shida, ninayo. Nyingine, kama vile kupiga, kutisha na kudanganya juu ya kazi, Mungu aliniepusha nazo. Lakini mtu aliyekwisha kupata tatu na nusu hana haki ya kujisifu kwa zile alizokosa.

Simwiti mwanachama yeyote mwenye watumwa, wala mimi mwenyewe sijiiti hivyo. Ninachosema ni kuwa njia ya kufikia huko haina lango kubwa lenye kibao. Mtu huingia kwa vichochoro vidogo vidogo, kila kimoja kikiitwa desturi.

Na kisiwa chetu, cha kufundishwa neno utumwa hakimo. Mikarafuu ilipoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na ilipoenea zama za Sayyid Said bin Sultan, waliochimba mashimo, wakapanda, wakapalilia na kuchuma walikuwa watumwa waliotolewa bara. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya karafuu. Na ijapokuwa tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini, majahazi yaliendelea kuteremsha watu usiku katika vihori vya Pemba kwa miaka mingi. Kisa chake kilikuwa karafuu. Mvuno haungoji: tumba likishaiva kwa kuchumwa una siku chache tu, likichanua limeharibika, na mwenye shamba anayeogopa khasara hutafuta mikono popote na vyovyote. Khofu hiyo tunayo mpaka leo, na ndiyo inayotupeleka kwenye masanduku.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Wengi wetu tulisomeshwa tarehe hiyo skuli, lakini hatukusomeshwa amri yenyewe. Haikusema kuwa kuanzia siku ile kila mtu yu huru. Ilisema mtumwa atakaye uhuru wake aende mahakamani akauombe. Mwenye mtumwa alilipwa fidia. Aliyetumikishwa hakulipwa hata pesa moja. Na aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe anakaa wapi na anaishi kwa kazi gani, ama sivyo alihesabiwa mzururaji. Masuria wao hawakutiwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909. Basi wengi walibaki pale pale shambani, wakipewa mahali pa kujenga kibanda na kupanda mihogo, na kumtumikia mwenye shamba. Mtu huru kwa karatasi, lakini akiondoka hana pa kwenda.

Nayataja haya si kwa kumlaumu babu wa mtu. Kila ukoo hapa una pande mbili, na aliyechunguza wa kwake sana amejuta. Nayataja kwa sababu yanatuonyesha kuwa kumwachia mtu huru ni zaidi ya kumfungua mguu. Asiye na ardhi, asiye na akiba, aliye na deni kwa anayemwajiri, huyo hafungwi na hakimbii.

Na deni nasi wenyewe tumelionja. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba wa visiwa hivi walikuwa wamezama katika madeni. Karafuu ziliuzwa zingali juu ya miti kwa bei ya shida, na mashamba yaliwekwa rehani moja baada ya moja, mpaka serikali ya wakati ule ikalazimika kutoa sheria za kuzuia ardhi isichukuliwe yote. Wazee wetu walilia wakati ule kuwa wanachuma kwa ajili ya mdai. Sasa tazameni. Mkulima aliyelia kwa mdai wake akigeuka nyuma anamkuta mchumaji, na yeye ndiye mdai.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Nani kati yetu hana binti, mpwa au jirani aliyekwenda Oman au Dubai kufanya kazi za nyumbani? Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania, wa Bara na wa Visiwani, walioajiriwa Oman na Falme za Kiarabu. Yalielezwa humo mambo tuliyokwisha kuyasikia majumbani mwetu kwa kunong'onezwa: paspoti imechukuliwa na tajiri, mshahara umezuiwa au umepunguzwa, kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na atakaye kurudi kwao huambiwa alipe kwanza gharama za kumleta. Si wote, na wako walioangukia kwa watu wema wakajenga nyumba za mawe. Lakini tunaposikia kuwa binti wa fulani amenyang'anywa paspoti, baraza zima hulaani. Mimi nami nililaani, siku moja, huku kitambulisho cha mwana wa mtu kimo sandukuni mwangu. Haki ya kumlaumu yule tajiri wa Muscat niliipata wapi?

Sasa nije kwenye biashara, kwani najua wako ambao hawatashikwa na maneno ya moyo lakini watashikwa na khabari za soko.

Karafuu yetu haiishi kituoni pa kununulia. Hutoka kwa mchumaji ikaja kwa mkulima, ikaenda kituoni, ikapakiwa melini kwenda Singapore, India, Dubai na kwengineko, na huko ikagawanyika tena mpaka ikawa mafuta ya dawa ya meno au chembe tatu katika chupa ya viungo. Njia hiyo yote wataalamu huiita mnyororo wa ugavi. Neno lenyewe halinipendezi, kwa kisiwa kama chetu. Lakini nchi nyingi sasa zinawataka wafanyabiashara wakubwa waitazame njia hiyo mpaka mwanzo wake.

Uingereza ilitoa sheria mwaka 2015 inayoitaka kila kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka itoe taarifa kila mwaka ya hatua ilizochukua kuhakikisha hapana utumwa katika kazi zake wala katika njia inayopatia bidhaa zake. (Ajabu ya sheria hiyo ni kuwa kampuni ikiandika kwamba haikuchukua hatua yoyote, imetimiza sheria. Mzungu naye ana vichochoro vyake.) Australia ikafuata mwaka 2018. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024 itakayoanza kutumika tarehe 14 Disemba 2027, nayo haikomei kwenye taarifa: bidhaa itakayothibitika kuwa imepatikana kwa kazi ya kulazimishwa haitauzwa kabisa katika nchi za Umoja huo, na iliyokwisha kuingia itaondolewa madukani. Marekani wana kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ya forodha ya tangu mwaka 1930, nacho siku hizi kinatumika kwelikweli. Mwezi wa Septemba 2020 walizuia mafuta ya mawese ya kampuni ya FGV ya Malaysia, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni deni la wafanyakazi na kuzuiliwa hati zao. Masanduku, wenzangu. Masanduku tu, kama langu, ila makubwa.

Na msidhani hatujulikani. Idara ya Kazi ya Marekani ilianza mwaka 2009 kutoa orodha ya bidhaa za kila nchi zinazoaminika kupatikana kwa kazi za watoto au kazi ya lazima. Chini ya jina la Tanzania imeandikwa karafuu, kwa upande wa kazi za watoto, pamoja na kahawa, chai, tumbaku, mkonge na dhahabu. Orodha hiyo haizuii mzigo bandarini, lakini wanunuzi huisoma. Nalipoonyeshwa mara ya kwanza nalikasirika sana. Nikasema, hawa wamekuja lini shambani kwangu? Hasira ilipopoa nikakumbuka kuwa shambani kwangu wangekuja wangewaona.

Hapa yafaa tuseme polepole, kwani jambo la watoto linachanganywa. Mtoto aliyerudi skuli, akakaa jamvini jioni na bibi yake wakachambua karafuu na makonyo huku wakisimuliana hadithi, huyo simwoni kuwa anatumikishwa, na hata mikataba ya Shirika la Kazi inaruhusu kazi nyepesi isiyomharibia mtoto afya wala masomo. Mambo hayo tukiyakataza tutakuwa tunakataza malezi. Lakini mtoto wa miaka 12 aliye juu ya mkarafuu saa nne ya asubuhi siku ya skuli ni jambo jingine kabisa. Mkarafuu mkubwa hupita urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, na tawi lake, kila mmoja wetu anajua, halipindi likakuonya, hukatika. Mvua ikiwa imenyesha usiku gome huwa kama limepakwa sabuni. Tunampandisha mtoto kwa sababu ni mwepesi na ncha za matawi zinamchukua. Yaani twajua kuwa ni khatari, na kwa sababu ya khatari hiyo ndiyo twamchagua yeye. Tanzania iliridhia mkataba wa umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1998, na mkataba wa kuondoa kazi mbaya kabisa za watoto mwaka 2001, na huu wa pili hauruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kutiwa katika kazi itakayomdhuru. Mwenye kuona miaka 18 ni mingi mno kwa kupanda mti, na alete hoja yake mkutanoni tuisikie. Lakini juu ya huyu wa miaka 12 sidhani pana hoja.

Tena wako waokotaji, wale watoto wanaokwenda na vikapu chini ya miti ya watu. Wananunuliwa karafuu mbichi na watu wa njiani kwa bei ya peremende, na baadhi hufundishwa kutoishia zile zilizoanguka. Tunawaita wezi. Sawa, lakini mnunuzi tunamwita nani?

Wengine husema, tuwaachie wanunuzi wakubwa, wao ndio wenye pesa na sheria. Nasema tusiwaachie, kwani khabari za kakao zinatosha kutufunza. Mwaka 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini makubaliano ya kuondoa kazi mbaya kabisa za watoto katika kakao ya Ivory Coast na Ghana, na muda uliowekwa ulikuwa mwaka 2005. Mwaka 2005 ukapita. Uchunguzi uliofanywa na chuo cha Marekani ukatolewa mwaka 2020, ukaonyesha kuwa katika msimu wa 2018/19 watoto kiasi cha milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi katika kakao ya nchi hizo mbili, nyingi zikiwa za khatari. Ripoti ziliandikwa, picha zikapigwa, watu wakapewa fulana. Bei ya mkulima ndiyo iliyobaki chini miaka yote hiyo, na mkulima asiyeweza kumlipa mtu mzima humchukua mtoto.

Uzbekistan nako kuna funzo, lakini la namna nyingine. Kule ilikuwa serikali yenyewe inayowatoa walimu, madaktari na wanafunzi kila msimu wa pamba na kuwapeleka mashambani, atake asitake. Kampuni zaidi ya 300 za nguo ziliahidi kutoitumia pamba ile. Mzozo ukachukua zaidi ya miaka 10. Baada ya mwaka 2016, utawala ulipobadilika, serikali ikapunguza kulazimisha, ikapandisha ujira wa kuchuma, ikaruhusu watu wachunguze na kusema. Mwezi wa Machi 2022 zuio likaondolewa. Ninachokipenda katika khabari hii ni ule ujira. Ulipopanda, walipatikana watu wa kuchuma bila ya kusukumwa na askari. Tunapolalamika kuwa wachumaji hawapatikani ila kwa kuwafunga na karadha, pengine tunasema kitu kingine: kuwa kwa ujira tunaotaka kutoa, hawapatikani.

Basi Chama kifanye nini? Mimi si mwanasheria, lakini nimekaa mashambani miaka mingi na najua mambo yanapovujia.

La kwanza kabisa ni hili la vitambulisho, na halina gharama. Chama kipitishe kuwa mwanachama hashiki kitambulisho, paspoti, cheti wala simu ya mchumaji, hata akipewa kwa mikono miwili. Anayeogopa kudhulumiwa karadha yake atoe karadha ndogo. Kadiri ya ujira wa siku tatu au nne inatosha kumfikisha mtu shambani na kuacha chochote nyumbani kwake. Atakayekimbia nayo amekuibia kidogo, nawe hukumfunga. Na deni hilo likatwe kidogo kidogo, isizidi robo ya ujira wa siku, na siku ya mvua chakula kisihesabiwe deni. Mvua ni yetu sote. Mchumaji akitaka kwenda, aende. Deni likibaki, tudaiane kwa sheha kama watu wengine wanavyodaiana.

La pili ni pishi. Hapa nitasema wazi na nitakaowaudhi wanisamehe. Karafuu zikipimwa jioni, mchumaji amechoka na giza linaingia, mkono wa mpimaji hujaza pishi mpaka ikafanya kilele, na akipima kwa kuuza mkono huo huo huifuta kwa kijiti. Tofauti ya pishi ya kilele na pishi ya kufutwa, kwa wachumaji kumi kwa siku ishirini, ni gunia. Kila mmoja wetu alifunzwa chuoni kuwa ujira usingoje jasho likauke. Nasi tunalipa wiki ya tatu, kwa pishi ya kilele. Chama kinunue mizani za kilo, kila tawi iwe nayo moja ya kuazimana, na bei ya kuchuma itangazwe kwa kilo kabla msimu haujafunguliwa, ibandikwe msikitini na dukani. Kila mchumaji awe na kijikaratasi chake chenye jina, tarehe, kilo na pesa, na mwenye shamba awe na daftari lenye maneno hayo hayo. Vikitofautiana, pana jambo la kuulizwa.

Kambi nazo zina lao. Wachumaji wa mbali hulala bandani juu ya makumbi, wanaume na wanawake mahali pamoja, maji ya kisima kisichofunikwa. Mwenye kuona hivyo vinatosha alale yeye usiku mmoja.

Na watu wawe na pa kusemea. Mchumaji aliyedhulumiwa leo humwambia nani? Akimwambia mwenye shamba, ndiye. Akimwambia msimamizi, ni shemeji yake mwenye shamba. Kila tawi lichague watu wawili, mmoja mwanamke, ambao si wenye mashamba makubwa, na mmoja awe ametoka katika wachumaji wenyewe. Namba zao za simu ziandikwe nyuma ya kile kijikaratasi. Atakayeshitaki asikosekanishwe kazi msimu ujao. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na bila ya hilo mengine ni mapambo.

Yuko aliyenijibu, nilipomsomea haya kabla ya kuyaandika, "Wewe wataka tuilinde karafuu ya watu wengine. Mimi yangu ni safi." Huenda ni safi. Lakini ikifika kituoni gunia lake na langu hufunguliwa, hutazamwa ubora, kisha hutiwa pamoja. Meli haina chumba cha karafuu za mtu mmoja mmoja. Siku karafuu ya Pemba itakapokataliwa bandarini Ulaya kwa ajili ya mashamba matano, mashamba yote yatakuwa yamekataliwa, na Madagascar na Indonesia hawatatuletea rambirambi.

Kwa upande wa wanunuzi, tusiwe wanyonge. Wakituletea makaratasi ya maswali, tuyajibu kwa kweli, na chini yake tuandike la kwetu: mizani ni pesa, kambi yenye choo ni pesa, mtu mzima juu ya mti ni ghali kuliko mtoto. Kilo tatu za karafuu mbichi, au zaidi kidogo, ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Kila shilingi tunayomwongeza mchumaji kwa kilo mbichi inakuwa zaidi ya tatu kwa kilo tunayoiuza. Anayetaka karafuu isiyo na dhuluma na ajue hesabu hiyo, na aitie katika bei. Chama chetu kiyapeleke maneno hayo kwa Shirika linalonunua, nalo liyafikishe kwa wateja wake wa nje. Lakini tutayasema vizuri zaidi tukiwa na daftari mkononi kuliko tukiwa na malalamiko matupu. Na bei isipopanda? Basi kitambulisho bado tutakirudisha, kwani hicho hakikuwa chetu tangu mwanzo.

Nimemwomba Katibu aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu, kabla ya msimu kufunguliwa. Najua patakuwa na makelele, na pengine nitashindwa kwa kura. Mimi kwa shamba langu sitangoja. Daftari nimeshalinunua, la kurasa 100, na mistari nimeshaipiga kwa rula: jina, tarehe, kilo, karadha, malipo, sahihi au dole gumba. Yule kijana nimemtumia salamu kuwa akipenda kuja msimu huu aje, na asipopenda nimemwelewa. Bado hajanijibu. Mwanachama atakaye kuliona daftari nilivyolipanga aje nyumbani baada ya Alasiri, siku yoyote isiyokuwa Ijumaa.

Mimi mwenzenu,
Mkulima wa Wete